Kadi za kikapu, dola 40 na kiapo cha kaka yangu

Likizo ya Desemba iliyopita nilimpeleka mwanangu wa kwanza Tanga kwa babu yake. Ana miaka 12, umri ambao mtoto akikaa nusu saa bila simu anaanza kupekua nyumba. Siku ya pili alitoka chumba cha uani amekumbatia albamu nene nyeusi, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Baba, hizi ni zako? Babu anasema ni zako."

Zilikuwa zangu. Au niseme ukweli, nusu yake ndizo zilikuwa zangu. Kadi za wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani za miaka ya tisini, zaidi ya 600, ambazo sikuwahi kuzigusa tangu turudi nchini mwaka 1996. Mama yangu, Mungu amrehemu, alizihifadhi ndani ya sanduku lake la bati, chini ya kanga. Yeye alifariki mwaka 2011 na sanduku hakuna aliyelifungua kwa nia ya kutafuta kitu, hadi mjukuu wake alipochoka kukaa bila intaneti.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuziona: kadi ya mchezaji ni kipande cha karatasi ngumu kinachokaribia ukubwa wa karata. Mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna urefu wake, chuo alichosoma na pointi alizofunga kila msimu. Zinauzwa ndani ya pakiti iliyofungwa na huoni kilichomo mpaka uichane. Kampuni kubwa za kadi hizi, Topps na Fleer, zilianza kwa kutengeneza jojo, na kadi ilikuwa chambo cha kumfanya mtoto anunue jojo. Wewe uliyekulia hapa nyumbani fikiria vizibo vya soda na golori, jinsi ulivyovihesabu kila usiku na jinsi ulivyogombana kwa ajili yake. Tofauti ni kwamba golori haikuwa na bei iliyochapishwa kwenye jarida. Kadi zilikuwa nayo. Kila mwezi lilitoka jarida la Beckett lenye orodha ya kadi na bei zake, na mishale ya kuonyesha ipi imepanda na ipi imeshuka. Mtoto wa darasa la tano alijua bei za kadi kama dalali wa Kariakoo anavyojua bei za fremu.

Mwanangu alifungua simu ya babu yake na kuanza kutafuta. Haikuchukua dakika tano akapiga kelele. Januari 2021, kadi ya Michael Jordan iliyotolewa na Fleer msimu wa 1986/87 iliuzwa mnadani kwa dola 738,000.

"Baba, tuna Jordan wangapi?"

Tukahesabu. Tisa.

Kwa robo saa nzima mwanangu alikuwa tajiri. Alishanunua kiwanja Kigamboni na gari la babu. Nilimwacha afurahi kidogo kabla ya kumweleza kwamba Jordan wetu ni wa miaka ya tisini, na hilo ndilo tatizo. Mwaka 1986 Fleer walipotoa kadi zao 132, watu wengi hawakujali kadi za kikapu. Watoto walizichezea, wakazipoteza, chache sana zikabaki safi. Habari za bei zilipoenea, watu wazima walianza kununua kadi mpya kwa maboksi na kuyafungia kabatini bila kuyafungua, wakisema ni ada ya chuo ya mtoto. Kampuni nazo zikachapa kadi kwa wingi usio na kifani. Sasa kitu ambacho kila mtu amekitunza kitakuwaje adimu? Zile kadi bado zipo, makabati kwa makabati, na ada za vyuo zililipwa kwa njia nyingine.

Halafu kuna hali ya kadi yenyewe. Siku hizi ziko kampuni zinazopima kadi na kuipa alama kutoka 1 hadi 10, wanaangalia pembe, mikwaruzo, hata kama picha imekaa katikati. Ile iliyouzwa ilikuwa na 10. Zetu zililala karibu miaka 30 kwenye joto la Tanga. Zile za kwenye albamu zilikuwa na nafuu. Lakini chini yake lilikuwapo boksi la viatu, na ndani yake kadi zile za kung'aa, zilizopakwa kitu kama vanishi, zilikuwa zimegandana kuwa tofali. Tulijaribu kuzibandua. Uso wa Charles Barkley ukabaki mgongoni kwa David Robinson. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hesabu yake ya mwisho, zote pamoja zingetosha kununua jozi moja ya viatu vya shule, vizuri.

Hata hivyo hakuziacha. Alitaka kujua nani ni nani. Aliuliza kama Hasheem Thabeet yumo. Nikamwambia Hasheem alichaguliwa na Memphis Grizzlies mwaka 2009, namba mbili kati ya vijana wote wa mwaka ule, na hizi kadi zilikuwa zimeshafungiwa sandukuni muda mrefu. Lakini Dikembe Mutombo yumo, nikamwonyesha, mtu wa Kinshasa aliyekuwa akizuia mpira wa mwenzake halafu anamtikisia kidole kama mwalimu. Nikamweleza kwamba Mutombo, aliyefariki Septemba 2024, alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake.

Ndipo akauliza, bila ubaya wowote, macho bado yako kwenye kadi: "Baba, ulisema bibi alikuwa anafanya kazi usiku na pesa ilikuwa ya shida. Sasa hizi zote ulizinunua kwa pesa gani?"

Nikamjibu, "Nyingine alinipa baba yako mkubwa."

Jibu hilo si uongo. Ndiyo maana sikulala usiku ule.

Tulifika Houston, Texas, mwezi Agosti 1992. Baba alikuwa masomoni. Mama, ambaye Tanga alikuwa mwalimu, alipata kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee, kuwageuza kitandani na kuwaosha. Alirudi asubuhi sisi tunatoka kwenda shule. Mimi nilikuwa na miaka minane, kaka yangu 12. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na sisi tulilala kitanda cha ghorofa, mimi juu, yeye chini.

Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma nyuma ya kadi. Sikuweza kuomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini niliweza kusema mchezaji gani ana urefu gani na amesoma wapi. Saa ya chakula cha mchana watoto walitandaza kadi mezani na kubadilishana, na mtoto mwenye kadi nzuri hakuulizwa kwa nini anaongea vile. Huo ndio ulikuwa msimu wa kwanza wa Shaquille O'Neal na shule nzima ilikuwa inamtafuta. Nilipompata ndani ya pakiti ya chini ya dola mbili, nilipata marafiki watatu siku hiyohiyo.

Kaka yangu alikuwa na kadi pia, lakini kwake kadi zilikuwa kitu cha pembeni. Yeye alikuwa anacheza. Alirefuka ghafla, mikono ikawa mirefu kuliko mashati, na alipoingia sekondari akachukuliwa kwenye timu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sitadai kwamba angefika NBA. Nasema tu kwamba alikuwa mzuri, na kwamba alivaa jezi ya shule yake namba 34, kwa sababu ya Hakeem Olajuwon.

Huwezi kuelewa nyumba yetu bila Hakeem. Baba si mtu wa michezo, mpaka leo hajui tofauti ya Simba na Yanga zaidi ya rangi. Lakini Houston ilikuwa na Mnigeria, Mwislamu, aliyeipa timu ya Rockets ubingwa mwaka 1994, na Baba akampokea kama mtoto wa nduguye. Ramadhani ya mwaka 1995 iliangukia Februari, katikati ya msimu. Hakeem alifunga, akacheza amefunga, na mwezi huo akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi. Baba alilitumia jina lake kama fimbo. "Hakeem anafunga na anakimbia uwanjani, wewe unafunga halafu unasinzia kwenye hesabu?"

Kaka alikuwa na kadi ya Hakeem ya mwaka 1990 ambayo jina limeandikwa "Akeem". Ndivyo alivyojulikana alipofika Marekani, na mwaka 1991 ndipo alipoongeza ile H ili jina lisomeke linavyotakiwa. Haikuwa kadi ya thamani. Kaka aliipata kwa kubadilishana na mtoto mmoja kule karibu na tulikofulia nguo na aliipenda kuliko zote. Aliiweka kwenye kasha gumu la plastiki, peke yake.

Mwezi ule wa Ramadhani mimi nilikuwa na miaka 11 na nilikuwa nafunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza. Nilikuwa najivuna. Na kila siku, nikitoka shule na njaa yangu, nilipita duka la kadi na kutazama boksi lililokuwa kwenye kioo. Pakiti 36. Ndani yake, kama una bahati, yumo Grant Hill.

Wakati ule ilisemwa kwamba Grant Hill ndiye Jordan anayekuja. Jordan mwenyewe alikuwa amestaafu Oktoba 1993 na bado hajarudi, na Grant Hill, akiwa mgeni kabisa, aliongoza kura za mashabiki za mchezo wa nyota wote. Mishale yake kwenye jarida la bei ilielekea juu kila mwezi. Leo, baada ya majeraha ya kifundo cha mguu yaliyomharibia miaka yake mizuri, kadi yake ya msimu ule unaipata kwa bei ya soda na maandazi. Lakini hayo nisingeyajua.

Mama alikuwa kwenye upatu na akina mama wenzake, Watanzania na Wakenya, waliokutana kila mwezi. Fungu lake alilitunza kwenye kopo la majani ya chai juu ya jokofu. Jumamosi moja, wiki ya mwisho ya mfungo, yeye amelala baada ya kazi ya usiku, Baba yuko maktaba, kaka yuko mazoezini, nilipanda kiti nikatoa noti mbili za dola 20.

Mwenye duka aliniuliza kama mama anajua. Nikamwambia ni zawadi yangu ya Idd.

Nilizichana pakiti zote 36 juu ya kitanda cha juu, nimefunga mlango. Nakumbuka harufu ya wino na karatasi mpya. Nakumbuka pia kwamba kufika pakiti ya kumi nilikuwa siangalii tena wachezaji, nilikuwa nachana tu. Mpaka leo nikimwona mwanangu anabonyeza yale maboksi ya bahati kwenye michezo ya simu, uso wake naujua. Grant Hill nilimpata wawili. Kadi nikazificha kwenye begi la shule. Makaratasi ya pakiti nikayasukuma chini ya kitanda, kwa haraka, na chini ya kitanda kulikuwa upande wa kaka.

Siku ya upatu ilipofika, fungu likakosekana. Mama hakupiga kelele. Alianza kufagia, ndivyo alivyokuwa akifanya akiwa na hofu, na akayakuta makaratasi.

Kaka alikuwa na kesi moja ya nyuma, aliwahi kukamatwa ametoroka kipindi. Mimi nilikuwa mtulivu, ninayefunga mwezi mzima. Baba alimwita yeye. Kaka akakataa. Akasema, "Si mimi, ni huyu." Baba akaniangalia. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema sijui.

Hapo kaka akafanya kitu ambacho nadhani alidhani kingemaliza maneno. Aliapa. Aliapa kwa Mungu, ndani ya Ramadhani, mbele ya mama, kwamba hajagusa pesa ile.

Mama ndipo alipolia. Dola 40 zingetafutwa, angeongeza zamu. Alilia kwa sababu mwanawe wa kwanza, kwa macho yake, ameapa uongo katika mwezi mtukufu na wala hakutetemeka.

Baba alimpiga, na ingeishia hapo ningesema ni mambo ya siku zile. Lakini alimkataza pia mpira wa kikapu, wote, kuanzia uwanjani hadi kwenye televisheni, mpaka atakapotubu na kukiri. Na kaka, kwa kuwa hakuwa na cha kukiri, hakukiri. Vuli ilipofika na timu ikaanza kuchaguliwa upya, mwalimu wa michezo alipiga simu nyumbani mara mbili. Baba akamjibu kwa adabu kwamba kijana ana shughuli nyingine. Mwaka 1996 tukarudi Tanga. Hakuvaa jezi tena.

Kadi zake Baba alizichukua zote, na Akeem ndani ya kasha lake, akanikabidhi mimi. "Weka wewe unayejua kutunza." Usiku ule nilizitoa zile za kwenye begi nikazichanganya na zake. Hakuna aliyeweza kujua tena ipi imetoka wapi.

Juni 1995 Rockets walirudi fainali dhidi ya Orlando ya Shaq. Nyumba zote za jirani zilikuwa zinatetemeka. Sisi tulikaa sebuleni na Baba, kaka yuko chumbani, mlango umefungwa. Mchezo wa kwanza, Nick Anderson wa Orlando alikosa mitupo huru minne mfululizo zikiwa zimebaki sekunde chache, na mimi nikawa natangaza kila kitu kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, kama mtangazaji wa redio. Baba alidhani nimepagawa na furaha. Nilikuwa namtangazia kaka. Rockets walishinda michezo yote minne na sikuweza kumtazama usoni hata siku moja kati ya hizo.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikwenda karibu miaka 30, na wala si mtu mzima aliyenikamata.

Asubuhi baada ya lile swali la mwanangu nilimpigia kaka. Yuko Mwanza, ana duka la vipuri, ana watoto wanne. Hatujawahi kugombana. Tunasalimiana, tunachangiana kwenye misiba na harusi. Lakini ukituona tumekaa utadhani ni mashemeji.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mzee mzima?"

"Mzima. Kaka, mtoto ameipata ile albamu ya kadi."

Akanyamaza. Nikasikia mtu dukani kwake anauliza bei ya brake, na yeye hamjibu.

"Zile dola 40 za mama nilichukua mimi."

"Sasa hiyo unamwambia nani?" akasema. Hakupandisha sauti. "Mimi najua. Nyumba nzima watoto tulikuwa wawili."

Nikaanza kuomba msamaha, maneno mengi, mengine nilikuwa nimeyaandaa tangu alfajiri. Akanikatiza.

"Unajua mama alikuwa ananiambia nini kila Ramadhani, mwezi ukiandama? Alikuwa ananipigia simu. Kwanza salamu, kisha anasema, mwanangu, mlango wa toba uko wazi. Kila mwaka. Nilioa, nikapata watoto, bado ananiambia. Mpaka mwaka alioondoka. Na mimi namjibu, ndiyo mama."

Nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa napigiwa simu za kuulizwa kama nimefuturu vizuri.

"Mimi usiniambie kitu," akasema. "Mwambie Baba." Akakata.

Ningependa kukuambia, mzazi mwenzangu, kwamba niliinuka pale pale nikaenda. Nilikaa siku tatu. Mtu wa miaka 40, mwenye familia, ninayewaambia watoto kila siku kwamba ukikosea sema, nilikuwa nazunguka nyumba ya baba yangu natafuta kazi za kufanya. Nilirekebisha bomba la uani. Nilipaka rangi dirisha ambalo halikuhitaji rangi. Baba sasa ana miaka 79 na moyo wake si mzuri, nikajiambia huenda ni dhambi kumsumbua. Sababu nzuri ya kunyamaza haikosekani, nilishazoea kuzipata.

Alhamisi baada ya alasiri alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Nikaenda na albamu. Nikakaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti. Nadhani alijua kuna jambo kwa sababu hiyo tu.

Nilimwambia yote. Kopo, duka, makaratasi, mlangoni niliposimama. Alisikiliza akiangalia barabarani.

"Arobaini," akasema.

"Ndiyo Baba."

"Na aliapa."

"Aliapa kweli."

Kahawa ilipoa. Mtoto wa jirani alipita akamwamkia, akamwitikia vizuri kabisa, akamuuliza na habari za mama yake. Kisha akasema, kama anahesabu, "Nilimpiga. Nikamnyima mpira. Yule mwalimu alipiga simu mara mbili." Nilishangaa kwamba anakumbuka ni mara mbili. Alinitazama kwa muda, na sikuona hasira. Alikuwa anaangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyokaa miaka yote ina chumba kingine.

"Mpigie," akasema.

Nikapiga, nikampa simu. Nilisikia "Shikamoo Baba" ya kaka kwa mbali, na Baba akasema, "Marahaba mwanangu," halafu akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilibaki mkekani. Simu inaonyesha waliongea dakika 22. Waliyozungumza sijauliza, na wao hawajaniambia.

Alipotoka alinirudishia simu, akasema, "Kesho Ijumaa. Tukitoka msikitini tunakwenda kwa mama yako. Utamwambia mwenyewe."

Tulikwenda. Baba alisimama mbali kidogo, kwenye mwembe, na mjukuu wake.

Mwanangu nilimwambia kwenye basi, tukirudi Dar, mahali fulani tulipoipita Segera. Nilikuwa nimemdanganya kwa maneno ya kweli na sikutaka afike nyumbani nayo. Nilidhani ataniona tofauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akauliza swali moja: "Kwa hiyo baba mkubwa hakucheza tena?"

"Hakucheza tena."

"Duh," akasema, akageukia dirishani. Mpaka Chalinze hakuvaa zile spika zake za masikioni. Baadaye akaniuliza kama wale Grant Hill wawili bado wapo. Wapo. Akasema wawekwe kando, si vizuri kukaa pamoja na za baba mkubwa. Basi usiku ule, mezani kwetu Tabata, tulikaa tukijaribu kutenganisha kadi zake na zangu. Nyingine nilizikumbuka, nyingi sikuzikumbuka, na zile ambazo sikuwa na uhakika nazo tuliziweka upande wake.

Wiki mbili baadaye kaka alinitumia ujumbe, wa kwanza tangu ile simu. "Nitumie Akeem wangu."

Niliiweka kadi, na kasha lake, katikati ya vipande viwili vya boksi, nikafunga kwa gundi ya karatasi na kwenda ofisi ya mabasi ya Mwanza. Kijana wa vifurushi akauliza ndani kuna nini.

"Kadi."

"Ya benki?"

"Ya mpira."

Akauliza thamani yake, anataka kuandika kwenye stakabadhi. Nilishindwa kumjibu haraka, na nyuma yangu kulikuwa na foleni, kwa hiyo akaandika mwenyewe, Sh5,000.

Ilifika Jumatano. Kaka alijibu neno moja tu, "Imefika." Jana akaongeza kwamba zile nyingine nisizitume. Atazifuata mwenyewe Tanga, Idd, na Baba ameshaambiwa.